Tulivyomtafuta Mpimaji Asiye na Upande

Mpimaji wa kwanza niliyewahi kumwandikia mkataba wa serikali alikuja Mbeya na picha ya piano. Alikuwa nayo kwenye mkoba wa ngozi, pamoja na picha ya lifti, picha ya mtu anayeteleza kwenye theluji, na picha ya meza iliyopangwa visu na uma za kila aina. Kila mtoto aliyeletwa mbele yake alionyeshwa picha hizo na kuulizwa, "Hiki ni nini?" Binti mmoja wa Uyole aliitazama ile piano kwa muda mrefu, akasema ni jeneza lenye meno. Mtaalamu akaandika sifuri. Mimi nilikuwa nimeketi pembeni nimeshika saa, na nilidhani ndivyo kazi hiyo inavyofanywa.

Nawasimulia haya ninyi vijana mlioingia juzi kwenye ofisi za elimu, afya na ustawi wa jamii, mnaoandaa zabuni za kutafuta wataalamu wa kupima watoto wenye usonji na wale wasioweza kutulia. Mjukuu wangu ni mmoja wenu. Majuzi aliniletea mkataba wa kurasa arobaini, akaniomba niupitie. Niliusoma wote, maana siku hizi sina shughuli kubwa zaidi ya kuku wangu. Ulikuwa mzuri. Ila nilipofika kwenye kifungu kinachosema mzazi apewe ripoti na aelezwe kwa lugha anayoielewa, nilicheka peke yangu. Mjukuu akauliza kuna kosa gani. Nikamwambia hakuna kosa, ila kifungu hicho sisi tulikipata kwa aibu, na aibu yenyewe ilikuwa yangu.

Naitwa Subilaga. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na niliingia ofisi ya serikali pale Mbeya kama mpiga chapa. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nimepandishwa cheo, nikapewa meza, kabati lenye mlango usiofunga, na kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka: kushughulikia "watoto wenye matatizo." Mkuu wangu alikuwa Bwana Kihwele, Mhehe wa Iringa, mrefu, mtaratibu, mwenye tabia ya kuchonga penseli kwa wembe kila anapojiandaa kumkatalia mtu jambo. Ukiona penseli imetoka, ujue ombi lako limekwisha.

Wakati ule serikali ilikuwa imetaka kila mtoto aliyefikia umri aandikishwe shule. Likawa jambo zuri na zito kwa pamoja. Watoto ambao zamani wangebaki nyumbani bila mtu kuwauliza, sasa walikuwa darasani, mbele ya walimu ambao wengine wenyewe walikuwa hawajamaliza kujifunza ualimu. Barua zikaanza kumiminika masijala. Fulani ni mzito. Fulani ni bubu. Fulani ana mashetani. Fulani hupanda dirishani wakati wa hesabu. Zote ziliishia kwa maneno yaleyale: naomba kibali cha kumwondoa.

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza, nami nililifanya kwa bidii. Nilitengeneza fomu. Nilikaa na mashine yangu siku nzima nikachapa stensili ya maswali, nakala zake zikapelekwa kwa walimu wakuu wajaze: Je, mtoto ni msumbufu? Je, anaelewa? Je, anafaa kuendelea? Fomu zilirudi upesi kuliko barua yoyote niliyowahi kutuma. Kwa mujibu wa fomu zile, nusu ya watoto wa mkoa walikuwa wagonjwa. Mmoja alijazwa "hafai kabisa," na nilipofuatilia nikagundua kwamba mbuzi wa kwao alikuwa amekula kabichi za mwalimu mkuu.

Bwana Kihwele alizisoma moja moja, akaziweka chini. "Subilaga," akasema, "mtu anayetaka kupunguziwa mzigo umempa mizani aupime mwenyewe. Ulitegemea aseme ni mwepesi?"

Nikasema sikufikiria hivyo.

"Basi sasa fikiria. Tafuta mtu wa nje. Asiwe wa shule, asiwe wa kwetu."

Ndivyo nilivyompata yule bwana wa piano. Alitoka Dar es Salaam, alikuwa na vyeti, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi kwamba watoto wa vijijini walimwelewa nusu tu. Simcheki. Alikuwa mtu mpole, na alitumia alichofundishwa. Mimi ndiye niliyemwandikia mkataba wa mistari sita: afike, apime watoto wote kwenye orodha ndani ya siku nne, aache majibu ofisini. Hakuna aliyemwambia watoto hao ni akina nani, wanazungumza nini nyumbani, wala wameona nini maishani mwao.

Siku ya tatu tulikuwa kwenye shule moja karibu na Igawa, kando ya barabara kuu ya Zambia. Hapo aliletwa msichana wa miaka minane hivi, jina lake Shija. Wazazi wake walikuwa Wasukuma waliohamia bonde la Usangu na ng'ombe wao, na mama yake alikuwa akiuza mihogo na mahindi ya kuchemsha pale malori yanaposimama. Shija hakumtazama mtaalamu. Alikuwa anavipanga vifuniko vya soda mezani, kimoja nyuma ya kingine, vyote vikitazama upande mmoja.

"Jina lako nani?" mtaalamu akauliza.

"Jina lako nani," Shija akajibu, kwa sauti ileile ya mtaalamu, hadi namna alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kusema.

"Nimekuuliza wewe."

"Nimekuuliza wewe."

Walimu waliokuwa mlangoni wakacheka. Mtaalamu akaonyesha picha ya piano. Shija akasimama, akaenda mlangoni, akasema kwa sauti kubwa ya mwanamume, "Weka maji, moto umepanda." Akarudia mara tatu, kisha akaanza kulia. Mtaalamu akaandika kwamba mtoto ni mtovu wa adabu, anaiga watu wazima, na akili yake haiwezi kupokea mafundisho. Nilirudi Mbeya, nikakaa kwenye mashine yangu, nikachapa barua. Iliandikwa vizuri sana, pembe zake zimenyooka. Ilisema: baada ya uchunguzi wa kitaalamu, imeonekana mwanao hafundishiki, hivyo anaondolewa shuleni. Nikatia sahihi kwa niaba ya mkuu wangu, aliyekuwa safarini.

Wiki mbili baadaye mama yake Shija aliingia ofisini. Alikuwa amepanda lori la saruji kutoka Igawa, na vumbi la saruji lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Alikuwa amemshika Shija mkono. Akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," nami nikaitikia hivyohivyo kwa kubahatisha, kisha akaiweka ile barua mezani, akaisukuma taratibu hadi mbele yangu.

"Barua hii nimesomewa na dereva," akasema. "Dereva ni mtu wa njiani, labda alikosea. Nimeambiwa aliyeiandika yuko hapa. Nisomee wewe."

"Mama, barua ni hiyohiyo."

"Nisomee, dada yangu. Nimetoka mbali."

Nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye neno lile, hafundishiki, niliinua macho. Mtoto mwenyewe alikuwa amesimama hapo, anapanga klipu zangu za karatasi ukingoni mwa meza, zote zikitazama upande mmoja. Mama yake alinisubiri bila hasira. Nikalisema.

"Kumbe dereva alisoma sawa," akasema. Akafikiri kidogo. "Huyo aliyempima, alimwuliza mambo gani?"

Nikamwambia juu ya picha.

"Na mimi ninayekaa naye, kwa nini hakuna aliyeniuliza?"

Miaka mingi kazini, na katika orodha zote nilizochapa, hakukuwa na mstari wa kumwuliza mama. Nilimwomba anisamehe. Sikusema ofisi inaomba radhi, nilisema mimi naomba radhi, na nikamwomba aniachie barua ile. Akaniachia. Akaninunulia hata maandazi, maana aliona nimekuwa mnyonge, na huo ndio upole ulioniumiza zaidi.

Bwana Kihwele aliporudi nilimweleza yote. Nilitegemea penseli itoke. Haikutoka. Alivuta kiti akaketi upande wangu wa meza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hiyo barua ifute kesho," akasema. "Na kuanzia sasa, kila barua ya mtoto uiandike kama vile utaisoma kwa sauti mbele ya mama yake. Ukiona neno linakukwama kooni, si neno la kuandika." Kisha akaongeza, "Iringa kuna mwanamke mmoja anaitwa Mama Luvanda. Nenda kamwone. Ila jiandae, huwa hacheki na watu wa ofisi."

Mama Luvanda alikuwa Mbena, muuguzi mstaafu aliyehudumia wagonjwa wa akili kwa miaka mingi na kupelekwa ng'ambo mwaka mmoja kusoma mambo ya watoto. Aliishi Iringa mjini, juu kule kwenye mawe, na alikuwa ameazimwa chumba kimoja cha parokia ambamo wazazi walimletea watoto ambao hospitali na shule zilikuwa zimekata tamaa nao. Hakuwa mwajiriwa wa mtu yeyote. Nilifika asubuhi yenye baridi, akanipokea kwa "Kamwene" ya pale Iringa, akanipa uji wa ulezi, akasikiliza hadithi yangu ya piano mpaka mwisho bila kupepesa hata jicho.

"Kabla hujaniajiri mimi," akasema, "ngoja nikupime wewe."

Akamwaga mezani bakuli la maharage ya rangi mbalimbali. Kisha akaanza kunipa maagizo kwa Kibena. Haraka haraka, kwa sauti ya mwalimu. Mimi Kibena nilikuwa nakisikia neno moja moja sokoni. Nikachukua maharage mekundu, akatikisa kichwa. Nikachukua meupe, akatikisa kichwa. Nikaanza kuyapanga mawili mawili, akashika kalamu akaandika kitu. Nikajaribu kumtazama usoni nione kama nimepatia, akageuza uso. Jasho lilinitoka, na pale Iringa kutokwa jasho asubuhi ni kazi.

Akaigeuza karatasi yake nisome. Alikuwa ameandika: Mtu mzima, umri miaka thelathini na kitu. Anachezea maharage. Hafundishiki.

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na yeye akacheka, nikajua kumbe Bwana Kihwele alikosea, anacheka sana. "Nilikuambia uniletee kikombe cha maji," akasema. "Maharage nilikuwa nachagua ya kupika mchana. Haya, toa huo mkataba wako."

Nikautoa. Akavaa miwani akausoma, akachukua kalamu, na kwa muda wa saa nzima aliukata kama mtu anayepogoa kahawa. Niliweka watoto kumi kwa siku, akaandika mmoja. Nikashtuka. "Wawili wakiwa majirani," akasema. Niliweka apimwe shuleni, akaandika kwanza nyumbani, pale anapokula na kucheza. Niliweka kwamba shule itaelezwa matokeo, akaandika mama au baba kwanza, kwa mdomo, kwa lugha yao, na mkalimani asiwe mwalimu wa mtoto. Niliweka kwamba mpimaji ataeleza kama mtoto anafaa au hafai. Hapo alikata mstari wote, karatasi ikachanika kidogo.

"Mimi sisemi anafaa au hafai. Nitawaambia mtoto anafanya nini, anaelewa kwa njia gani, na mwalimu afanye nini. Na mwandike kwamba mkinikasirikia kwa nilichoandika, mkataba hauvunjiki. La sivyo nami nitaanza kuwaandikia mnayopenda."

Nikamwuliza ugonjwa wa mtoto kama Shija unaitwaje.

"Ng'ambo nilisikia neno, otizimu. Hata huko wengi hawalijui. Na wale wa kurukaruka wana neno lao jingine, nalo wanalibadilisha kila mara. Usiende nalo Mbeya ukawabandike watoto. Waandike wanachofanya. Jina zuri la Kiswahili litakuja, tutalipokea."

Limekuja, kama mnavyoona: usonji.

Kazi ikabaki kuipitisha mbele ya kamati, na hiyo haikuwa rahisi. Kumbukeni miaka hiyo ilikuwa ya ujamaa. Kusema serikali imtafute mtu binafsi afanye kazi ya umma ilikuwa kama kusema ukaazime moto kwa jirani wakati kwako jiko linawaka. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mmoja Msafwa, mtu wa watu, shabiki mkubwa wa mpira. Akaniuliza mbele ya wote, "Binti, tuna madaktari, tuna walimu, wote ni wa serikali. Kwa nini tutoke nje? Huyu mama ana chombo gani ambacho serikali haina?"

Bwana Kihwele, badala ya kujibu, akanitazama. Nikasimama.

"Mzee," nikasema, "Jumapili timu yetu ikicheza na ya Iringa, refa akiwa kipa wa Iringa, utakubali?"

Watu wakanong'ona. Mwenyekiti akasema hakubali hata kidogo.

"Na akiwa kipa wetu?"

Nilimwona anavutwa na jambo hilo. "Nitakubali," akasema, "ila moyoni nitajua si haki."

Kamati nzima ilicheka. Nikawaambia shule ni timu, na ofisi yetu ni timu, na mtoto hana timu. Yule mama hachezei upande wowote, hicho ndicho chombo chake. Kisha, kwa sababu nilikuwa nimeshasimama, nikawasomea ile barua yangu ya pembe zilizonyooka na kuwaambia ilifanya nini. Hilo halikuwachekesha. Mwenyekiti akasema tumjaribu kwa miezi sita, na kama refa huyu ni mzuri atakuja kumwona mwenyewe.

Mtoto wa kwanza kwenye orodha ya Mama Luvanda alikuwa Shija. Tulifika Igawa kwa Landrova ya ofisi, na mama yake Shija alipotuona alisimama, akaegemeza sufuria kiunoni kama mtu anayejiandaa kukataa. Mama Luvanda hakutoa picha wala karatasi. Alinunua muhogo, akaketi kwenye gunia la pumba kando ya moto, akala. Akaketi hapo tangu asubuhi hadi jua likawa la utosini, anatazama tu. Mimi nilianza kuhangaika. Nilikuwa nimezoea kazi yenye saa mkononi.

Malori yakaja yakaenda. Utingo wakaruka chini, wakapiga kelele zao, wakapanda. Shija alikuwa kwenye kivuli cha banda na vifuniko vyake. Baadaye akasimama, akamjia mama yake, akasema kwa ile sauti nzito, "Weka maji, moto umepanda."

Mama yake, bila hata kugeuka, akachota maji kwa kikombe akampa. Shija akanywa yote.

Mama Luvanda akaacha kutafuna. "Mama," akasema taratibu, "umejuaje kwamba ana kiu?"

Mama yake Shija akamtazama kana kwamba ameulizwa jua linatokea wapi. "Si amesema?"

"Amesema nini?"

"Wale vijana wa malori wakifika hapa injini imechemka, huita hivyo, halafu maji huletwa. Yeye alisikia, akaona maji yanakuja. Akitaka kuondoka mahali husema 'Twende Tunduma.' Akiwa na njaa husema 'Pima vizuri mama,' kama wateja wangu. Akiumwa husema 'Pancha.'"

Nilikumbuka mlango wa darasa na mtoto anayelia. Alikuwa ameomba maji. Mbele ya mtaalamu, walimu na mimi mwenye saa, aliomba maji mara tatu, kwa maneno ya wazi, nasi tukaandika kwamba hana adabu.

"Kuna mtu umewahi kumweleza haya?" Mama Luvanda akauliza.

"Nani aliuliza? Watu wakimwona huniuliza nilikula nini nilipokuwa na mimba yake."

Basi Mama Luvanda ndipo akatoa daftari. Waliketi wale wanawake wawili kwenye lile gunia hadi alasiri, mmoja anasema, mwingine anaandika, na mihogo ikanunuliwa kwa kujihudumia. Yalikuwa maneno mengi ajabu. Nilipoyachapa Mbeya yalijaza ukurasa mzima, upande mmoja maneno ya Shija, upande wa pili maana yake. Ripoti yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema mtoto huyu anazungumza, ila kwa maneno mazima aliyoyaazima. Kelele za ghafla humwumiza. Akae karibu na mlango, aonyeshwe jambo kabla ya kuambiwa, na mwalimu ajifunze ukurasa ulioambatanishwa. Mama yake alisomewa kwanza, na ndugu yao mmoja akamfafanulia kwa Kisukuma. Alituagiza turekebishe sehemu moja tu. Tulikuwa tumeandika anapenda vifuniko vya soda. "Andikeni vya soda ya machungwa," akasema. "Vya rangi nyingine hutupa."

Mwalimu wake, kijana aliyeitwa Mgaya, aliupokea ule ukurasa kama mtu aliyepewa mtihani. "Yaani mimi ndiye nijifunze lugha ya mwanafunzi?"

"Kiswahili ni chake pia," Mama Luvanda akamjibu. "Amekipanga tu kwa namna yake."

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Siku ya kwanza Shija aliporudi shuleni, kengele ilipigwa, nayo kengele ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa nje ya dirisha la darasa lake. Alipiga yowe, akakimbia hadi barabarani, na mwalimu Mgaya akamkimbilia huku kiatu kimoja kimemvuka. Tukakaa kikao kizima juu ya ringi. Mwalimu mkuu hakutaka ihamishwe kwa sababu angelazimika kutembea. Mwisho ilihamishiwa nyuma ya jiko, ng'ambo ya uwanja, na mwalimu mkuu akawa anatembea, akapungua tumbo, akaanza kusema wazo lilikuwa lake.

Mwezi wa pili tangu arudi, nilipokwenda kukagua, nilimkuta mwalimu Mgaya ananingojea njiani. Alikuwa anataka kunionyesha kitu. Shija alikuwa amejifunza kuandika, na alianza kwa maneno aliyoyaona ubavuni mwa malori. Ubaoni aliandika DAR ES SALAAM, LUSAKA, na USIPAKIE WATU. Herufi zilikuwa safi kuliko za mwalimu.

"Jana alisema neno jipya," Mgaya akaniambia, sauti ikiwa ya chini kama anayetoa siri. "Hakuliazima kwa utingo. Aliniita mwalimu."

Shija alimaliza darasa la saba. Hakufaulu kwenda sekondari, wala si wengi waliofaulu wakati ule. Leo ni mama wa makamo, anaishi Madibira kwenye mashamba ya mpunga, na kaka yake aliniambia kwamba Shija ndiye anayepanga magunia ghalani, na hakuna gunia linalopotea akiwepo. Bado hazungumzi sana. Anazungumza akitaka.

Mkataba wa miezi sita ulirefushwa, ukarefushwa tena. Mwenyekiti alikuja kumwona refa wake kama alivyoahidi, akapimwa kwa maharage kama mimi, akashindwa kama mimi. Tulikosea mengine pia. Mtoto mmoja tulimtembelea mara tatu tukiandika kurasa za tabia zake za kutoitika, kumbe alikuwa hasikii vizuri, na tangu hapo Mama Luvanda aliongeza kifungu: masikio na macho kwanza. Kiwekeni kwenye mikataba yenu. Nimetazama ule wa mjukuu wangu, kipo ukurasa wa thelathini na moja, nimemwambia akisogeze mbele.

Nimalizie na siku moja tu. Ilikuwa mchana, mvua imeacha kunyesha Mbeya, nami nilikuwa peke yangu ofisini. Aliingia mwanamume mmoja kutoka vilima vya juu ya Uyole, viatu amevishika mkononi kwa sababu ya tope, na binti yake wa miaka kumi hivi, jina lake Tupokigwe. Hakuwa na barua ya shule. Hakuna aliyekuwa amemtuma. Kabla hata hajaketi, Tupokigwe alikuwa ameshapanda juu ya kabati langu, ameshuka, amefungua dirisha, na ameniuliza kwa nini mashine ya kuchapa haina herufi zilizopangwa kwa mfuatano.

Baba yake alimtazama, akanitazama mimi, akajikunja kama mtu anayengoja kukemewa.

"Nisamehe, mama," akasema. "Huyu ndiye niliyemleta. Walimu wamechoka naye, na mimi nyumbani nimechoka, lakini si mtoto mbaya. Nimesikia sokoni kuwa hapa mna watu ambao kwanza humwuliza mzazi."

Nilimvutia kiti. Nilichukua daftari jipya, nikamwambia aanzie popote anapotaka. Akashusha viatu vyake chini, akafuta mikono kwenye suruali, na akaanza kunieleza jinsi mwanawe alivyotengeneza mfereji wa maji hadi jikoni kwa mama yake kwa kutumia migomba, na jinsi unavyovuja. Tupokigwe akatoa kichwa dirishani akasema hauvuji tena, ameurekebisha asubuhi ile kabla hawajaondoka.

"Ameurekebisha?" baba akaniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye ningejua.

"Mwulize yeye," nikasema, nikashika kalamu.